Joseph Cornell: Muuza vitambaa aliyegeuza vikorokoro kuwa hazina

KWA zaidi ya miaka 40, nyumba moja ya mbao kando ya barabara ya Utopia Parkway, mtaani Flushing katika eneo la Queens jijini New York, haikuwa na lolote la kumsimamisha mpita njia. Waliokuwa wakiishi humo walikuwa watu watatu tu: mama mjane, mwanawe wa kiume aliyekuwa mlemavu, na kifungua mimba wa familia ambaye kila asubuhi aliabiri garimoshi kwenda kuchuma riziki katikati ya jiji.

Mwana huyo mkubwa ndiye Joseph Cornell, anayehesabika hii leo miongoni mwa wasanii wakuu wa Marekani wa karne ya 20.

Usiku, mama na ndugu wakishalala, Cornell aliketi kwenye meza ya jikoni akiwa na gundi, makasi na rundo la vitu ambavyo wengine walikuwa wamevitupa au kuviuza kwa bei ya kutupa. Humo mlikuwa na viko vya udongo, gololi, springi za saa zilizoharibika, stempu, kurasa za vitabu vikuukuu vya Kifaransa, ramani za nyota, vizibo, shanga na mikufu ya kioo. Vitu hivyo alivipanga ndani ya visanduku vyenye kioo upande wa mbele, kila kisanduku kikiwa kama jukwaa dogo la mchezo wa kuigiza ambao haujaanza.

Visanduku hivyo sasa vinahifadhiwa katika makavazi mashuhuri ya New York, Chicago, Washington na kwingineko, na baadhi yavyo vimewahi kupigwa mnada kwa mamilioni ya dola. Kinaya ni kwamba aliyeviunda hakuwahi kusomea sanaa, hakujua kuchora wala kuchonga, na katika uhai wake wote hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi yake.

Cornell alizaliwa mnamo Desemba 24, 1903 katika mji wa Nyack, kando ya mto Hudson, kaskazini mwa jiji la New York. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba yake alikuwa mbunifu na mchuuzi wa vitambaa vya sufu, na familia iliishi maisha ya starehe kiasi. Wazazi wote wawili walipenda muziki na tamthilia, nao waliwapeleka wana wao jijini kutazama maonyesho ya jukwaani.

Miongoni mwa mambo yaliyomvutia mtoto huyo ni viinimacho vya Harry Houdini, bingwa wa kujinasua kutoka kwa minyororo na masanduku yaliyofungwa. Vilevile alipenda mashine za michezo za ufuo wa Coney Island, ambapo mtu alitumbukiza sarafu ya senti moja na kutazama vijisanamu vikicheza nyuma ya kioo. Kumbukumbu hizo hazikumtoka hadi uzeeni.

Mdogo wake wa kiume, Robert, alizaliwa mnamo 1910 akiwa na mtindio wa ubongo, hali inayomnyima mtu uwezo wa kuviongoza viungo vyake. Akili yake ilikuwa timamu, lakini miguu haikumbeba na usemi wake ulikuwa mgumu kueleweka. Tangu utotoni hadi kifo chake, Robert alitegemea kiti cha magurudumu na mikono ya jamaa zake.

Msiba mwingine uliifika familia hiyo mnamo 1917, baba alipofariki kwa saratani ya damu. Aliacha madeni mengi kuliko akiba. Mama alilazimika kuiuza nyumba kubwa ya Nyack na kuwahamishia wanawe katika eneo la Queens, ambako walipanga nyumba moja baada ya nyingine kwa miaka kadhaa.

Mwaka huo huo, Joseph alijiunga na shule ya bweni ya Phillips Academy iliyoko Andover, jimbo la Massachusetts. Alikaa huko hadi 1921 lakini akaondoka bila ya cheti. Hayo ndiyo masomo yake ya mwisho, na Massachusetts ndiko mbali zaidi alikopata kuishi.

Akiwa kijana wa miaka 17 hivi, alirejea nyumbani na kuchukua nafasi ya baba yake kama mtafutaji wa familia. Aliajiriwa na kampuni ya William Whitman iliyouza vitambaa vya sufu, naye akawa akizunguka kwa wateja katika mitaa ya Manhattan akiwa amebeba mkoba wa vipande vya nguo vya kuonyeshea.

Kazi hiyo haikumfaa hata kidogo. Alikuwa mwenye haya nyingi, na kumshawishi mteja kulimtoa jasho. Aidha, alisumbuliwa na maumivu ya tumbo na kichwa. Mnamo 1925 alijiunga na Kanisa la Sayansi ya Kikristo, ambalo hufundisha kwamba maradhi huponywa kwa maombi. Aliishika imani hiyo hadi mwisho wa maisha yake, naye Robert akaifuata pia.

Hata hivyo, kazi hiyo ya kuzunguka ilimpa faida moja ambayo haikuandikwa katika mkataba wake. Kati ya mteja mmoja na mwingine alikuwa na muda wa kuranda. Aliingia katika maduka ya vitabu vilivyotumika yaliyokuwa yamejipanga katika barabara ya Fourth Avenue, akapekua makasha ya picha za kale, sahani za santuri, programu za maonyesho ya densi na magazeti yaliyopitwa na wakati. Aliingia pia katika maduka ya Woolworth, yaliyouza vitu vidogo vidogo kwa bei ambayo hata mlalahoi aliimudu.

Alichokinunua alikipeleka nyumbani na kukihifadhi, bila ya kujua bado kingemfaa kwa nini. Wakati huo alikuwa mkusanyaji tu, kama watu wengine wengi wenye mapenzi ya vitu vya kale. Mnamo 1929 mama yake alinunua ile nyumba ya Utopia Parkway, na mrundiko huo ukapata makao ya kudumu.

Mabadiliko yalitokea mwishoni mwa 1931. Katika matembezi yake, Cornell aliingia katika jumba jipya la maonyesho lililofunguliwa na Julien Levy kwenye barabara ya Madison Avenue. Humo alikumbana na kazi za Wasurealisti, wasanii wa Ulaya walioamini kwamba ndoto zina ukweli wake na kwamba vitu visivyohusiana vikiwekwa pamoja huzaa maana mpya.

Kilichomgusa zaidi ni kazi za Mjerumani Max Ernst, ambaye alikuwa akikata picha kutoka kwa vitabu vya karne ya 19 na kuzibandika upya kwa namna ya kustaajabisha. Cornell alitambua kwamba kumbe mtu asiyejua kuchora anaweza kuwa msanii, mradi awe na jicho la kuchagua na subira ya kupanga. Na vifaa vya kazi hiyo alikuwa navyo tele nyumbani.

Alirudi Flushing, akaketi jikoni na kutengeneza picha zake za kubandika. Baada ya muda mfupi alizichukua na kumpelekea Levy, ambaye alizikubali. Mnamo Januari 1932 kazi za muuza vitambaa huyo zilining'inizwa katika maonyesho yale yale yaliyokuwa na kazi za Ernst na Salvador Dali, na hata jalada la katalogi ya maonyesho hayo likabuniwa naye. Novemba mwaka huo huo, alipata maonyesho yake ya kwanza ya peke yake.

Umaarufu huo mdogo haukuweza kuijaza sufuria. Marekani ilikuwa imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi, na Cornell alikuwa amepoteza kazi yake ya kuuza sufu mnamo 1931. Alihangaika hadi 1934, alipoajiriwa kuchora ruwaza za vitambaa katika kampuni moja mjini humo. Kwa miaka sita aligawanya siku yake mara tatu: mchana wa mwajiri, jioni ya Robert na mama, na usiku wa visanduku.

Mnamo 1936 alikamilisha kazi iliyomtambulisha rasmi kama mwanzilishi wa mtindo wake mwenyewe. Ndani ya kabati dogo la mbao alipanga ramani ya kale ya mwezi, kiko cheupe cha udongo ambacho watoto hutumia kupulizia mapovu ya sabuni, kichwa cha mwanasesere, yai ndani ya bilauri na vigae vya kioo. Kazi hiyo ilionyeshwa mwaka huo huo na Makavazi ya Sanaa za Kisasa ya New York. Mnamo 1938 ilinunuliwa na makavazi ya Wadsworth Atheneum ya mjini Hartford.

Mwaka wa 1936 pia ulimletea fadhaa. Cornell alikuwa amenunua nakala kuukuu ya filamu ya Hollywood ya mwaka 1931, akaikatakata na kuiunganisha upya hadi ikabaki ya takriban dakika 20, sehemu kubwa ikiwa ni sura ya mwigizaji Rose Hobart. Aliionyesha kupitia kioo cha rangi ya buluu, huku akicheza santuri ya muziki wa Brazil aliyoipata katika duka la vitu vilivyotumika.

Miongoni mwa watazamaji wa Desemba hiyo alikuwa Dali. Katikati ya onyesho, Mhispania huyo alipandwa na hasira, akaiangusha projekta na kudai kwamba wazo hilo lilikuwa lake, japo hakuwa amelitekeleza wala kulisimulia kwa yeyote. Cornell, aliyekuwa mtu wa haya, aliumia sana. Kwa miaka mingi baadaye aliogopa kuzionyesha filamu zake hadharani.

Tukio hilo lilidhihirisha pia tofauti iliyokuwapo kati yake na kundi hilo. Wasurealisti wengi walipenda vitisho na mambo ya ashiki. Cornell, muumini mcha Mungu aliyeishi na mama yake, alitaka sanaa inayompa mtu faraja na kumrudishia mshangao wa utotoni. Aliwashukuru kwa kumfungulia mlango, kisha akafuata njia yake.

Mnamo 1940 aliacha kazi ya vitambaa na kujitosa katika sanaa, huku akijikimu kwa kubuni kurasa za majarida. Mwaka huo ndipo alipounda kisanduku kinachopendwa sana na wapenzi wa mapambo, kiitwacho Kasha la Vito la Taglioni.

Kisanduku hicho kinatokana na hadithi ya Marie Taglioni, mcheza densi wa bale aliyetamba Ulaya katika karne ya 19. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa mwaka 1835 gari lake la farasi lilisimamishwa na jambazi katika barabara ya Urusi. Badala ya kuporwa, Taglioni aliamriwa kucheza juu ya ngozi ya chui iliyotandazwa kwenye theluji. Tangu siku hiyo, hadithi yasema, alikuwa akiweka kipande cha barafu ndani ya kasha lake la vito ili akumbuke usiku ule.

Cornell alichukua sanduku la mbao, akalitandika mahameli, kisha akapanga ndani yake vipande vya kioo vya pembe nne vinavyofanana na barafu. Chini ya vipande hivyo mna mabaki ya vito, na kwenye kifuniko umetundikwa mkufu unaometameta kama almasi. Mkufu huo si almasi. Ni vioo tu, na Cornell aliununua katika duka la Woolworth.

Anayekitazama kisanduku hicho hana haja ya kuambiwa bei ya mkufu. Kile kipambo cha rahisi, kikishawekwa kando ya barafu ya kioo na hadithi ya theluji, huonekana kuwa kitu cha thamani ambacho mtu amekificha kwa miaka mingi. Kwa Cornell, thamani ya kitu haikutegemea madini yake. Aliitafuta katika kumbukumbu inayokizunguka na katika vile vingine vinavyokaa kando yake.

Wengi hudhani kwamba kazi ya namna hiyo ni ya kubandika ovyo. Ukweli ni kwamba kisanduku kimoja kingeweza kumchukua miezi, na vingine miaka. Useremala alijifunza kutoka kwa jirani, naye akawa akiunganisha mbao kwa mikono yake.

Baada ya kuunda kisanduku, alikipaka rangi tabaka juu ya tabaka. Kisha alikiacha nje kipigwe na jua na mvua, au alikiingiza katika joko la mama yake jikoni ili rangi ipasuke na kuchakaa. Sababu yake ilikuwa ya kiufundi: mbao mpya iking'aa kando ya kiko cha miaka mia moja, jicho hugundua mara moja kwamba viwili hivyo ni wageni. Sharti kisanduku kionekane kuwa na umri sawa na vilivyomo.

Ndani, kuta zake alizifunika kwa kurasa za vitabu vya kale au ramani za nyota. Kisha kazi ngumu zaidi ikaanza, nayo ni ile ya kupanga. Alisogeza gololi hapa, akaondoa pete pale, akabadilisha bilauri, akaacha siku zipite, akarudi tena. Mara kwa mara alifungua visanduku alivyokuwa amevimaliza zamani na kuvirekebisha.

Karakana yake hatimaye ilihamia katika chumba cha chini ya nyumba, ambako rafu zilijaa makasha yenye majina: maganda ya kombe, springi, vipuri vya saa, picha za bundi. Alikuwa pia na mafaili mazito kuhusu watu aliowaenzi, hasa wacheza densi na waigizaji wa kike, wengine wakiwa wamefariki kabla yeye hajazaliwa. Faili moja liliweza kukusanya vipande vya magazeti, tiketi, nyoya na barua kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Baadhi ya wasanii hao aliwajua uso kwa uso. Mcheza densi Tamara Toumanova alimpa manyoya na mapambo yaliyotoka katika mavazi yake ya jukwaani, na Cornell akayatumia katika visanduku alivyomuundia. Naye Mfaransa Marcel Duchamp, aliyekuwa amekimbilia New York wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alimpa kazi ya kumsaidia kuunganisha mikoba yake iliyokuwa na nakala ndogo ndogo za kazi zake.

Vita hivyo viliacha alama pia katika kazi ya Cornell. Mnamo 1943 alifanya kazi kwa miezi kadhaa katika kiwanda cha vifaa vya kijeshi. Mwaka huo aliunda kisanduku chenye kasuku wa karatasi wenye rangi za kuvutia, walioketi nyuma ya kioo kilichotobolewa kana kwamba kwa risasi, huku rangi nyekundu ikiwa imetapakaa. Mtu aliyezoea kumwona kama msanii wa vitu vya watoto huduwaa mbele ya kisanduku hicho.

Mfululizo mwingine uliompa sifa ni ule wa watoto wa makabaila wa Italia, ulioanza na kisanduku cha mwaka 1942 kilichoundwa kama mashine ya sarafu za senti, kikiwa na picha ya mvulana wa karne ya 16. Baadaye alimuundia mwigizaji Lauren Bacall kisanduku ambamo mpira mdogo huteremka kwenye vijia vya kioo. Kisha, mnamo Desemba 1949, alionyesha visanduku vya ndege katika jumba la Charles Egan, na katika miaka ya 1950 akaunda vile vyenye majina ya hoteli za kale za Ulaya.

Hoteli hizo hakuwahi kulala hata moja. Majina yake aliyapata katika matangazo na vitabu vya wasafiri vya zamani. Ramani, tiketi na stempu za kigeni ndizo zilizokuwa meli yake, na mara nyingi aliwashangaza wageni waliotoka Paris kwa kuzijua barabara za mji huo kuliko wao, ilhali hakuwahi kuukanyaga.

Kwa nini hakusafiri? Fedha zilikuwa haba, lakini sababu kubwa ilikuwa nyumbani. Robert hakuweza kuachwa. Cornell alimlisha, alimbeba na kumtengenezea mambo ya kumliwaza. Robert alipenda magari ya moshi ya kuchezea, na reli zake zilienea sebuleni. Alipenda pia kuchora wanyama, na Joseph alizitunza karatasi hizo kwa makini kama alivyozitunza kazi zake mwenyewe.

Wachambuzi wengi wamewahi kuandika kwamba ndege wale walio nyuma ya kioo ni Robert, au ni Joseph mwenyewe, au ni wote wawili. Cornell hakupenda kuvieleza visanduku vyake. Jambo lililo wazi ni kwamba Robert ndiye aliyekuwa mtazamaji wake wa kwanza, na kwamba visanduku vingi vimetengenezwa viwe vya kushikwa, kutikiswa na kuchezewa.

Mama naye alikuwa mtu wa amri. Alimpenda mwanawe lakini hakufurahishwa na mrundiko wa vikorokoro, wala hakutaka kumwona akiandamana na wanawake. Cornell hakuoa. Alipenda kutoka mbali, na mapenzi hayo yaliishia katika mafaili, barua na visanduku vilivyotolewa kama zawadi.

Katika miaka ya 1960, alifanya urafiki na mhudumu mmoja wa mkahawa, mwanamke kijana aliyekuwa na maisha magumu. Mnamo 1964, mwanamke huyo na wenzake wakaiba visanduku tisa kutoka kwa gereji ya Cornell. Polisi waliwakamata, lakini Cornell alikataa kumshtaki. Mnamo Desemba mwaka huo, mwanamke huyo aliuawa. Msanii huyo alimlilia, akaendelea kutengeneza picha za kumkumbuka.

Kabla machozi hayo hayajakauka, Robert alifariki mnamo Februari 1965 akiwa na umri wa miaka 54. Cornell, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amelalamika katika shajara zake kwamba hana muda, sasa alikuwa nao wote, na hakujua autumie vipi. Januari 1966 aliandaa maonyesho ya kumbukumbu mjini New York, ambapo michoro ya Robert iliwekwa pamoja na kazi alizomtengenezea nduguye. Mama yake alifariki mnamo Oktoba mwaka huo huo.

Sifa zilimjia wakati nyumba imebaki tupu. Mnamo 1967, Makavazi ya Guggenheim ya New York yaliandaa maonyesho makubwa ya kazi zake. Mapema mwaka huo, maonyesho mengine yalikuwa yakiendelea mjini Pasadena, California, na hayo yalizaa tunda ambalo Cornell hakulitarajia.

Miongoni mwa walioyatembelea alikuwa Betye Saar, mwanamke Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika aliyezaliwa mnamo 1926, ambaye awali alikuwa akitengeneza mapambo na vyombo vya enameli. Saar alipoviona visanduku vya Cornell, alianza kuunda vyake mwenyewe. Lakini yeye alikwenda kutafuta vitu vya kale vya aina nyingine: vijisanamu, matangazo na vifaa vya jikoni vilivyotengenezwa na Wazungu ili kuwakejeli watu weusi.

Mnamo 1972, Saar aliunda kisanduku ambamo kijisanamu cha mjakazi mweusi, kilichokuwa kimetengenezwa kama kichekesho, kimepewa bunduki mkononi. Kazi hiyo ni miongoni mwa kazi zinazoheshimika sana katika sanaa ya harakati za ukombozi wa watu weusi. Hivyo mbinu ya mtu mpole wa Flushing, aliyeitumia kujiliwaza, iligeuka katika mikono mingine kuwa silaha ya kudai haki.

Kadiri umri ulivyosonga, ndivyo Cornell alivyozidi kuchukia kuuza visanduku vyake. Wanunuzi matajiri waliofika nyumbani kwake waliondoka mikono mitupu mara kwa mara, ilhali mtoto wa jirani angeweza kuazimwa kisanduku akichezee. Aliamini kwamba watoto ndio watazamaji wake bora kwa kuwa hawakuuliza maana.

Imani hiyo aliitekeleza mapema mwaka 1972. Katika chuo cha Cooper Union jijini New York kuliandaliwa maonyesho ya kazi zake kwa ajili ya watoto. Visanduku viliwekwa chini, kwa kimo cha macho yao, na badala ya divai inayotolewa katika hafla kama hizo, wageni waliandaliwa keki za chokoleti na soda. Cornell, aliyezoea kukwepa hafla za ufunguzi wa maonyesho yake, alihudhuria na kuzungumza na watoto hao.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maonyesho yake ya mwisho ya kukumbukwa. Mwaka huo alifanyiwa upasuaji, na afya yake ikadhoofika. Mnamo Desemba 29, 1972, siku tano baada ya kutimiza umri wa miaka 69, alifariki kutokana na hitilafu ya moyo akiwa peke yake katika nyumba ya Utopia Parkway. Alizikwa Nyack, mji alikozaliwa.

Wakfu ulioundwa ili kusimamia mali yake unabeba majina ya ndugu hao wawili, Joseph na Robert. Mnamo 1978, sehemu kubwa ya vitu alivyoviacha nyumbani ilipelekwa Washington, ambako kulianzishwa kituo cha utafiti kwa jina lake katika makavazi ya sanaa ya Smithsonian. Maonyesho makubwa ya kazi zake yamefanyika tangu wakati huo, yakiwemo ya New York mnamo 1980 na yale ya London na Vienna mnamo 2015. Hivyo visanduku vyake vilifika katika Ulaya aliyoitamani maisha yake yote.

Aidha, mafundi wa mapambo katika nchi nyingi hufuata nyayo zake, wengine bila ya kulijua jina lake. Anayechukua kipuri cha saa iliyokufa, kitufe cha koti la babu na kipande cha barua, akavifungia pamoja nyuma ya kioo kidogo na kukitundika kwenye mkufu, anafanya kazi ile ile iliyofanywa usiku katika jikoni ya Flushing.

Katika kituo hicho cha Washington, watafiti huweza kuyafungua makasha ambayo Cornell hakuwahi kuyatumia. Ndani yake mna gololi, maganda ya kombe, springi na mikufu ya kioo, vyote vikiwa vimepangwa kwa uangalifu na mtu aliyetarajia kuvirudia.